Kuvumilia ni kwa mmoja, kuvumiliana ni kwa wawili

Kiswahili kimetufanyia nusu ya kazi. Kuna kuvumilia, na kuna kuvumiliana. Katika neno la kwanza yupo aliyebeba, na yupo mwingine ambaye huenda hajui hata kama amebebwa. Katika la pili mzigo unapokezanwa. Mjini maneno haya huchanganywa kila siku. Mtaa husifiwa kwamba una watu wa kila aina na wanaishi kwa amani, na ukichunguza unakuta familia mbili za ghorofa ya chini zimenyamaza miaka kadhaa ili nane za juu zilale vizuri. Hiyo ni amani kweli, ila inalipiwa na wawili tu.

Ndiyo maana kazi ya kusuluhisha majirani humfundisha mtu kutouliza kama watu wanapendana. Swali lenye faida ni hili: mara ya mwisho nani alibadilisha nini kwa ajili ya nani? Majibu yakitaja jina lilelile upande wa aliyebadilisha, hapo kuna watu wanaovumilia na wengine wanaovumiliwa. Tofauti hizo zikiachwa zilivyo, siku aliyebeba atakapochoka, wenzake watashangaa kweli. "Mbona siku zote tulikuwa tunaelewana?"

Lalamiko lirudi kwenye kitendo

Ugomvi wa majirani wa mjini kwa kawaida hauanzii kwenye dini wala kabila. Unaanzia kwenye ngazi: viatu vilivyojaa mlangoni, mfuko wa taka uliolala siku mbili, maji yanayodondoka kutoka nguo zilizoanikwa juu, mtoto anayekimbia kwenye sakafu ambayo kwa mwingine ni dari. Yote haya yana dawa, tena rahisi. Kinachoyaharibu ni sentensi moja: "Watu hawa ndivyo walivyo." Ikishatamkwa, mfuko wa taka unakuwa ushahidi, na ushahidi hauishi kwa kupelekwa jaani.

Anayepokea lalamiko, awe kiongozi wa kamati ya jengo au jirani tu anayeaminika, ana kazi moja kabla ya zote: kulirudisha lalamiko kwenye kitendo. Aandike ni kitu gani, wapi, siku gani, saa ngapi, mara ngapi. "Wana kelele" haitatuliki na mtu yeyote. "Jumatatu na Jumatano, saa tano usiku hadi saa sita na nusu, besi ya muziki inapita ukuta wa chumba cha kulala" inaweza kutatuliwa kabla ya wiki kwisha. Mlalamikaji akishindwa kabisa kutaja siku wala saa, mara nyingi kero yake haimo kwenye kelele.

Kipo kipimo kingine, cha kubadilisha jina. Mwulize bila kejeli: jambo hilihili lingefanywa na yule rafiki yako wa ghorofa ya pili, ungekuja kulalamika? Wengine husema ndiyo papo hapo, na lalamiko lao linaendelea kama lilivyo. Wengine husita. Kusita huko kusigeuzwe ushindi, maana ukimwaibisha mtu hapo hatarudi tena, na kero yake ataipeleka kwenye kundi la simu ambako hakuna wa kumuuliza.

Lalamiko linaloshindwa mtihani huu kuliko mengine ni la harufu ya mapishi. Pua ni rahisi kuitumia kusema usichothubutu kusema kwa mdomo. Hata hivyo usilipuuze, kwa sababu upande wake wa ufundi ni wa kweli. Harufu hufuata hewa, na hewa hufuata upenyo. Dirisha la jiko likiwa limefungwa na mlango wa korido uko wazi, korido ndiyo inayokuwa bomba la moshi. Dirisha lifunguliwe kabla ya sufuria kupata moto, si baada ya moshi kujaa. Mlango wa korido ufungwe. Chujio la feni ya jikoni lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwani likiziba kwa mafuta feni hunguruma tu bila kuvuta. Harufu inayobaki baada ya hayo ni ya kuishi mjini, na haina pa kupelekwa.

Kukaa karibu na kuchanganyika

Jengo lenye watu wa jamii kumi si lazima liwe limechanganyika. Linaweza kuwa vijiji kumi vilivyopangwa kwa ghorofa. Thomas Schelling, mwanauchumi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2005, alionyesha mwaka 1971 jinsi hali hiyo inavyoweza kuja bila chuki ya mtu yeyote, na jaribio lake unaweza kulifanya mezani. Chukua ubao wa sataranji wenye miraba 64. Tawanya ovyo sarafu 22 za aina moja na 22 za aina nyingine, ubaki na miraba 20 mitupu. Weka sharti dogo: kila sarafu inaridhika ikiwa angalau theluthi ya majirani wanaoigusa, pamoja na wa kwenye pembe, ni wa aina yake. Isiyoridhika ihamie mraba mtupu wa karibu utakaoiridhisha. Endelea hadi hakuna inayotaka kuhama. Kwa kawaida utaona aina zimejitenga makundi makundi kuliko sharti lilivyodai. Sarafu zenyewe zilikuwa tayari kuishi zikiwa wachache. Kilichozitenga ni kila moja kusogea kidogo kwa sababu yake.

Kwa anayesimamia nyumba za kupangisha funzo ni la moja kwa moja. Usipoangalia chumba kilichoachwa wazi kinajazwa vipi, kitajazwa kwa kuitana. Aliyemo humwambia ndugu, ndugu humwambia mtu wa kwao. Hakuna ubaya katika kuitana, watu wanahitaji wa kuwaegemea. Lakini tangazo la chumba likipita mdomoni peke yake, baada ya miaka michache ghorofa moja ina lugha moja. Njia nyepesi ni kutangaza hadharani, kwa muda uleule kwa kila chumba, na kuwapokea wanaotimiza masharti kwa mpangilio wa kufika.

Wapo waliotumia sheria. Singapore tangu 1989 imeweka viwango vya juu vya kila jamii katika kila jengo na kila mtaa wa nyumba za umma, na imefanikiwa kuzuia mitaa ya jamii moja. Lakini tuulize swali letu la mzigo: anayebeba ni nani? Mwenye nyumba ambaye jengo lake limefika kikomo hawezi kumuuzia yeyote amtakaye, na wanaobanwa zaidi ni wa jamii zenye watu wachache, kwa kuwa wanunuzi wao ni wachache. Sera nzuri nayo ina bega linaloumia, na anayeitetea hana budi kulitaja bega hilo.

Ukaribu wenyewe una nguvu ya ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1950 kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT nchini Marekani uligundua kwamba urafiki ulifuata milango: aliyekaa mlango wa pili alikuwa na nafasi kubwa ya kuwa rafiki kuliko wa mlango wa nne, na waliokaa chini ya ngazi au karibu na masanduku ya barua walijuana zaidi na watu wa juu. Mwaka 1976 watafiti wengine huko California waliongeza upande wa pili: maadui nao hupatikana karibu, tena karibu kuliko marafiki, kwa sababu anayekuudhi ni lazima awe mahali anapoweza kukufikia. Kwa hiyo usiweke benchi na ubao wa matangazo pembeni ambako hakuna apitaye, na usiliweke pipa la taka chini ya dirisha la mtu. Vitu hivi viwili vinaamua mengi kuliko hotuba.

Kazi ya pamoja kwanza, sherehe baadaye

Kamati nyingi zikitaka kuleta watu pamoja huanza na siku ya tamaduni: kila mtu alete chake, avae chake, acheze chake. Si vibaya, lakini kama dawa ya uhasama ni dhaifu. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif alilionyesha hilo mwaka 1954 huko Oklahoma. Aliwagawa wavulana 22 makundi mawili kambini, akaacha mashindano yawajengee uadui, kisha akawakutanisha kwenye milo na sinema. Walirushiana chakula. Kilichowapoza ni matatizo yaliyohitaji mikono ya wote, kama tangi la maji lililokuwa limeziba na gari la chakula lililogoma kuwaka hadi wote walivute kwa kamba. Tena haikutosha mara moja. Ilichukua kazi kadhaa mfululizo. Wakosoaji wamehoji jinsi jaribio lile lilivyoendeshwa, na wana haki. Hata hivyo aliyewahi kuona majirani wasiosalimiana wakishika bomba moja lililopasuka hashangazwi na matokeo yake.

Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, alitaja masharti manne ya kukutana kunakopunguza chuki: waliokutana wawe na hadhi sawa pale walipo, wawe na lengo moja, walifikie kwa kushirikiana, na wenye mamlaka waunge mkono. Sharti linalovunjwa zaidi mjini ni la hadhi. Utakuta usafi wa pamoja ambapo wapangaji wa jamii moja wameshika fagio na wa jamii nyingine wameshika orodha ya majina. Wamekutana, ndiyo. Wamejifunza nini?

Basi kazi ipangwe hivi: iwe ndogo, ya saa mbili au tatu, yenye mwisho unaoonekana kwa macho, kama kupaka rangi ukuta wa ngazi, kusafisha mfereji au kufunga taa za korido. Watu wapangwe wawili wawili au watatu watatu kutoka ghorofa tofauti, kwa kura, wasichaguane. Anayeshika orodha awamu hii ashike fagio awamu ijayo. Wenye mgongo mbovu, wazee na wajawazito wapewe kazi ya kweli, kama kuhesabu vifaa au kuchanganya rangi, wasiachwe kutazama. Chakula na muziki vije mwisho, wakati watu wana jambo la kuzungumza: ule ukuta umeonaje?

Kelele

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye wengi pana mengi hasa.

Desibeli, yaani vipimo vya nguvu ya sauti, hazihesabiwi kama kilo. Zikipanda kumi, sikio husikia sauti imekuwa kama maradufu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza kwamba chumbani usiku sauti ya wastani isizidi desibeli 30 na vishindo vya mara moja moja visizidi 45. Programu ya simu hukosea desibeli kadhaa, kwa hiyo haifai kuwa shahidi wa kumhukumu mtu. Lakini ukitumia simu ileile, mahali palepale, dirisha likiwa katika hali ileile, inatosha kulinganisha kabla na baada.

Kuna kelele za namna mbili, na dawa zake hazibadilishani. Kishindo, yaani nyayo, kiti kinachoburutwa, kinu, husafiri ndani ya sakafu yenyewe. Zulia nene, vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti na kigoda cha mpira chini ya kinu huleta nafuu kubwa. Sauti ya hewani, yaani muziki, maombi, mazungumzo, hupita kwenye nyufa na kuta nyembamba, na zulia haliizuii sana. Hapo mlango uzibwe nafasi ya chini, spika iondolewe kwenye ukuta wa pamoja, iinuliwe kutoka sakafuni na kuwekewa kitu laini chini, na ipunguzwe besi kabla ya kupunguzwa sauti yote. Besi ndiyo inayopita ukutani. Wengi hupunguza sauti nzima, wanapoteza maneno ya wimbo, na jirani bado anasikia dundo lilelile.

Kisha wabadilishane nyumba kwa dakika kumi. Mwenye muziki aende chumbani kwa mlalamikaji, mtu wa tatu apandishe sauti taratibu, na wakubaliane kiwango. Pale wanapokubaliana, utepe mdogo ubandikwe kwenye kitufe cha sauti, au namba iandikwe. Zoezi hili hushangaza pande zote mbili. Mwenye muziki husikia kwa mara ya kwanza anachofanya, na mara nyingine mlalamikaji hugundua kwamba alichokuwa akikisikia hakikutoka kwa huyo bali kwenye bomba la maji.

Saa ya kumaliza ina uzito kuliko saa ya kuanza. Anayefanya hafla au ibada ya nyumbani awape majirani taarifa saa 48 kabla, aandike itakwisha saa ngapi, na aache namba ya simu ambayo mtu atapokea wakati muziki unalia. Wanasaikolojia David Glass na Jerome Singer, waliochapisha majaribio yao mwaka 1972, waliwaweka watu kwenye kelele kali. Baadhi waliambiwa wanaweza kuizima kwa kubonyeza kitufe. Wengi wao hawakukibonyeza, na bado baadaye walifanya kazi zao vizuri kuliko wale wasio na kitufe. Ile namba ya simu ndiyo kitufe.

Jambo moja linalosahaulika: usiku si wa wote kwa saa zilezile. Muuguzi wa zamu, mlinzi na dereva wa usiku hulala mchana, na sheria ya "kimya baada ya saa nne usiku" haiwapi kitu. Tunapotaja tofauti tunawaza dini, rangi na kabila, wakati ratiba ya usingizi, umri, ulemavu na idadi ya watoto huzaa kero nyingi zaidi. Jengo linaweza kutenga walau saa tatu za mchana, zilizoandikwa, ambapo hakuna kutoboa ukuta wala kupiga nyundo. Waliozizoea kelele za mchana watanung'unika kidogo. Ni zamu yao.

Kalenda na mikutano

Kalenda ya jengo iandikwe upya kila mwaka, si kunakiliwa. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hutangulia kwa kama siku 11 kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Makanisa kadhaa ya Kiorthodoksi yanayofuata kalenda ya Juliasi huadhimisha Krismasi tarehe 7 Januari. Sabato ya Wayahudi huanza Ijumaa jua linapotua, na Waadventista nao huitunza hivyohivyo. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Aliyepanga ukarabati wa maji kwa kufuata kalenda ya mwaka jana atakata maji siku ambayo nyumba nzima ya jirani imejaa wageni.

Unapotafuta saa ya mkutano usiulize "saa gani inakufaa?" Watu watajibu kwa adabu, "yoyote tu." Uliza: "Ni saa gani huwezi kabisa?" Kisha saa zihamishwe: mkutano mmoja jioni ya siku ya kazi, unaofuata mwisho wa juma. Hakuna saa itakayomfaa kila mtu, na haifai wanaokosa wawe walewale daima. Iandikeni orodha ya waliokosa, si kwa kuwatoza faini, bali kuona kama ni kundi moja.

Lugha ndiyo inayokula muda. Ukalimani wa kupokezana, mmoja aseme kisha mwingine afasiri, huongeza muda karibu mara mbili, kwa hiyo ajenda za saa moja ziwe mbili, zisiwe tano. Msemaji asimame baada ya sentensi mbili au tatu. Mtoto asitumiwe kuwa mkalimani wa ugomvi, hata kama ndiye pekee anayejua lugha zote. Atalainisha matusi, ataficha kosa la mzazi, na usiku atabeba mambo ya wakubwa kitandani. Mpate mtu mzima asiye na upande, na kama hayupo, afadhali kikao kiahirishwe.

Tangazo la ukutani liwe na jambo moja, maneno yasiyozidi hamsini, tarehe na saa kwa tarakimu kubwa, na jina la cheo cha wa kumuuliza. Kama kuna lugha tatu, zibadilishane nafasi ya juu kila tangazo. Inaonekana ni mchezo, lakini aliye chini kila mara anajua yuko chini. Kabla ya kubandika, mpe msomaji mwingine wa lugha hiyo akwambie kwa maneno yake tangazo linasema nini. "Taka zitolewe kesho" limewahi kuwa "taka zitachukuliwa kesho" katika matangazo mengi kupita hesabu, na asubuhi ngazi imejaa mifuko.

Jihadharini pia na "msemaji wa jamii". Kila kundi huwa na mzee au mfanyabiashara anayezungumza kwa niaba ya wote, na kamati humpenda kwa sababu anarahisisha kazi. Lakini wanawake, vijana na wapangaji wapya wa kundi hilohilo wanaweza kuwa na mawazo tofauti kabisa. Mzunguko wa dakika mbili mbili kwa kila nyumba, bila kukatizana, ndio unaozitoa sauti hizo. Na kama mtu wa jamii ndogo kila mkutano ndiye anayeombwa "atueleze nyinyi mnafanyaje", amebebeshwa kazi ya ualimu asiyoiomba. Wakubwa wa idadi nao waeleze ya kwao. Mara nyingi hawajui kama wana desturi.

Yasiyovumiliwa

Azimio la UNESCO kuhusu uvumilivu, la tarehe 16 Novemba 1995, linasema wazi kwamba uvumilivu si kumwachia mtu kwa huruma wala kumdharau kimyakimya, na kwamba hauhalalishi udhalimu. Katika jengo maana yake ni hii: mtu akipigwa nyuma ya mlango, hakuna "ni mila zao". Anayepigwa naye ni wa jamii hiyo, na hajawahi kuulizwa kama ni mila yake. Vipigo, vitisho, mtoto anayeteswa, mtu anayezuiwa kutoka nje, hayapitii kwenye ngazi za usuluhishi hata kidogo. Huko ni kuita msaada na vyombo vya sheria, siku hiyohiyo, na msimweke anayepigwa kikao kimoja na anayempiga ili "wasikilizane", kwani atasema yale tu yatakayompa usalama usiku ule.

Kwa mengine yote ngazi zipo, na kosa la kawaida ni kuruka. Ya kwanza ni ana kwa ana, baada ya siku moja au mbili, mlangoni bila kuingia, kwa dakika tano: kitendo, saa, ombi moja. Usiende wakati wa hasira, na usiache karatasi isiyo na jina. Karatasi ya namna hiyo humfanya mpokeaji awashuku majirani wote. Ya pili ni kwenda na mtu wa tatu ambaye pande zote zinamkubali. Ya tatu ni maandishi kwa kamati. Mwenye nyumba au mamlaka ni ya nne. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja, aliona kwamba jumuiya zilizodumu zilikuwa na adhabu zinazopanda polepole, mahali rahisi na karibu pa kutatulia ugomvi, na wanaoguswa na kanuni wakiwa na nafasi ya kuzibadilisha. Anayeanza na polisi kwa sababu ya viatu vya ngazini amezitupa zote tatu kwa siku moja. Na picha ya viatu hivyo kwenye kundi la simu ni mbaya kuliko polisi, maana polisi huondoka.

Daftari

Kamati iwe na daftari la kurasa zenye safu nne: tarehe, kilichoombwa, aliyeomba, aliyebadilisha. Basi. Pasiwe na safu ya kabila wala dini. Namba ya nyumba inatosha. Baada ya miezi mitatu lihesabiwe mbele ya watu. Nyumba iliyobadilisha mara sita na haijaomba lolote itafutwe, kwa upole, iulizwe inahitaji nini. Kwa kawaida itasema "hatuna shida". Iulizwe tena mwezi unaofuata.

Wapangaji wapya waoneshwe makubaliano yaliyomo, lakini wasiambiwe kuwa yamefungwa. Makubaliano yaliyofanywa na watu ambao nusu yao wameshahama ni ya watu wengine. Yapitiwe kila mwaka, moja baada ya jingine, na lile ambalo hakuna anayekumbuka sababu yake lifutwe.

Ukurasa wa mwisho waachiwe wanaohama. Siku mtu anapofunga mizigo hana tena wa kumwogopa wala wa kumpendeza, na ndiyo siku ya kumuuliza: ulikuwa unavumilia nini hapa bila kusema? Jibu hutoka haraka. Mara nyingi ni kitu kidogo: bawaba ya mlango uliobamizwa kila alfajiri, taa ya korido iliyomulika kitandani, bomba lililofunguliwa saa moja kabla ya usingizi wake kwisha. Chukua bisibisi mapema, kabla mpangaji mpya hajaingia.